Kumfundisha punda mchanga mkokoteni, mpaka asimame Ngongo siku ya Nane Nane

Kila mvua zikikatika napigiwa simu zilezile. "Mzee, nimenunua punda wa mwaka na nusu, nimfunge mkokoteni?" "Wangu akifika darajani anagoma, nimchape wapi?" "Nira ya ng'ombe ninayo, si itamfaa?" Majibu mafupi: bado, usimchape popote, na haimfai. Majibu marefu ndiyo haya, nimeyaandika ili nipumzishe simu.

Mimi niko Masasi. Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa saisi Arusha, kwenye zizi la farasi wa kupanda. Tajiri wangu alikuwa akiwafundisha farasi wake dresaji, mchezo ambao farasi hutahiniwa mbele ya waamuzi: atembee, aende mchakamchaka, azunguke, asimame, na kila kipande kinapewa alama kuanzia 0 hadi 10. Nilidhani ni starehe za watu wenye nafasi. Niliporudi huku, ambako mbung'o hawamwachi farasi akaishi vizuri, nikaanza na punda, ndipo nikaona kwamba kazi niliyokuwa nikiifanya alfajiri kule zizini ndiyo hasa punda wa mkokoteni anayoihitaji. Kubwa kuliko yote ni moja: mnyama ajue kusimama kabla hujamfundisha kwenda. Huku kwetu tunaanza kinyume. Tunamfunga mzigo, tunampiga aende, halafu tunashangaa hasimami.

Jambo jingine tusilaumiane. Punda si mnyama wa babu zetu sisi watu wa kusini. Wengi ninaowaona hapa wametoka kwa wafugaji, hasa waliohamishiwa mkoa wa Lindi kutoka Ihefu mwaka 2006 na 2007. Kwa hiyo umenunua punda, lakini aliyemzoea hukumnunua.

Kuhusu ratiba: anza Mei, mvua zikishaisha na nyasi zingali zipo. Ukienda bila pupa, tarehe 8 Agosti unaweza kumwonyesha mbele za watu Ngongo, kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima vya Lindi, na msimu wa korosho ukifunguka Oktoba atakuwa tayari kwa mizigo midogo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Punda aliyetimiza miaka 3. Muuzaji akikuambia umri, fungua mdomo mwenyewe. Meno mawili ya mbele katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata kila upande baada ya mwaka mmoja, na ya pembeni akikaribia miaka 5. Akiwa bado na meno madogo ya utotoni matupu, huyo ni wa kuongozwa kwa kamba tu. Mzigo mzito usubiri hadi apite miaka 4. Mwenye haraka akumbuke kwamba hata farasi wa dresaji hawaingizwi kwenye mashindano ya dunia ya farasi wachanga kabla ya miaka 5.
- Mwenzake. Punda wa pili ndiye bora, la sivyo hata mbuzi. Punda aliye peke yake hulia usiku na mchana huwa na mawazo mengine.
- Hatamu ya kamba laini, isiyo na chuma mdomoni. Kamba ya kuongozea ya mita 3. Kamba nyingine mbili za mita 7 kila moja.
- Mkanda wa kifua wenye upana wa vidole vinne au zaidi, tandiko lenye mito miwili ya kukaa kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, na mkanda wa nyuma unaopita chini ya mkia kwenye mapaja.
- Tairi bovu la gari dogo, la kuburuta.
- Mkokoteni wa magurudumu mawili, tena mwepesi.
- Madumu manane ya lita 20.
- Msaidizi mmoja asiyependa kelele. Huyu ndiye mgumu kupatikana.
- Dakika 20 kila asubuhi, siku tano kwa wiki.

Fimbo sijaiandika, na sikusahau.

Muone pia afisa mifugo wa kata yako kabla ya kuanza. Apimwe minyoo, aangaliwe kwato, na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Ugonjwa huo unampata yeye pia, na kidonda kidogo cha mkanda kinatosha kuuingiza.

Hatua ya 1: Mguse mwili mzima (wiki ya kwanza)

Simama begani kwake, si mbele ya uso wala nyuma ya mkia. Mkuna shingo, shuka begani, mgongoni, miguuni. Akisogea, mkono wako ubaki palepale bila kukaza. Akitulia, ondoa mkono. Rudia sentensi hiyo ya mwisho mara tatu ndugu yangu, maana ndiyo elimu yote. Punda hajifunzi pale unapombana. Anajifunza pale unapomwachia. Ukimwachia wakati anakurupuka, umemfundisha kukurupuka.

Mwisho wa wiki anyanyue miguu yote minne bila ugomvi. Kwato zinataka kukatwa kila wiki 6 hadi 10, na huwezi kumwita mtu wa kwato huku mnyama anapiga mateke.

Hatua ya 2: Kusimama, kisha kwenda (wiki ya 2 na ya 3)

Chagua maneno matatu na nyumba nzima iyatumie hayohayo. Mimi natumia "haya" kwa kwenda, "tulia" kwa kusimama na "nyuma" kwa kurudi. Jirani yangu alichagua "simama" na "sogea", maneno yanayoanza kwa sauti moja, punda wake akawa anasita kila akisikia "s". Kosa lilikuwa la nani?

Tembea naye bega kwa bega, kamba ikiwa imelegea. Sema "tulia", kisha wewe mwenyewe simama kabisa. Kamba ikaze taratibu, ilegee papo hapo akisimama. Hesabu mpaka 3, kisha "haya". Kesho hesabu mpaka 10. Wiki ya tatu hesabu mpaka 60 huku msaidizi akipita na baiskeli, na mtoto akiburuta tawi. Asiposimama dakika moja nzima bila kushikwa kwa nguvu, usiende hatua ya tatu, hata kama mkokoteni umeshaulipia.

Usimvute kutoka mbele. Punda akivutwa huegemea nyuma, na kwa kilo zake 150 au zaidi utashindwa wewe. Akigoma, mgeuze kichwa pembeni hatua moja, kushoto au kulia. Mguu ukishasogea, mgomo umevunjika.

Hatua ya 3: Uwanja wa madumu (wiki ya 4 na ya 5)

Hii nimeileta nzima kutoka Arusha. Uwanja mdogo wa dresaji una mita 20 kwa 40, mkubwa 20 kwa 60, na pembeni huwekwa herufi: A, K, E, H, C, M, B, F. Usiniulize kwa nini hazifuati alfabeti. Mimi naenda kwenye uwanja wa mpira kabla vijana hawajaamka, napima hatua, naweka dumu moja kwenye kila pembe na moja katikati ya kila upande. Basi, uwanja umekamilika.

Fanya naye mambo manne tu: kutembea mstari ulionyooka kupita katikati, mduara mkubwa wa mita 20 kwa kushoto, mduara huohuo kwa kulia, kusimama kwenye dumu ulilolichagua, wala si hatua tatu mbele yake. Kila punda ana upande anaoupenda. Majivu, punda wangu jike, alizunguka kushoto kama maji na kulia kama mlango wenye kutu. Upande mbovu ndio uufanyie kazi mara mbili, lakini kwa muda mfupi mfupi, na umalizie na ule mzuri.

Binti yangu hukaa juu ya dumu la tisa akitoa alama, 0 hadi 10, anaziandika kwenye daftari lake la hesabu. Hana huruma hata kidogo, na hilo linasaidia. Bila maandishi utaona kila siku ni nzuri, au kila siku ni mbaya, kutegemea ulivyoamka.

Hatua ya 4: Umuongoze kutoka nyuma (wiki ya 6)

Mpaka hapa amekuona ubavuni. Kwenye mkokoteni utakuwa nyuma, na punda asiyeandaliwa humtafuta bwana wake kwa kugeuka. Funga zile kamba mbili ndefu pande mbili za hatamu, zipitishe kwenye tandiko, rudi nyuma mita tatu au nne na ukae kidogo pembeni, nje ya teke. Msaidizi aongoze kichwa siku mbili za kwanza bila kusema neno. Sauti itoke kwako. Siku ya tatu alegeze kamba, ya nne aondoke. Kisha rudia madumu yote.

Hatua ya 5: Mavazi

Hapa ndipo nira ya ng'ombe inapomuumiza punda. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, anasukuma nira kwa hapo juu. Punda hana nundu, nguvu yake inatokea kifuani. Ukimwekea nira, mti unamkalia kwenye mifupa ya shingo, na wiki ya pili una kidonda.

Mkanda wa kifua ukae chini ya koo na juu ya fundo la bega. Ukipanda unambana pumzi, ukishuka unazuia miguu ya mbele. Ingiza mkono uliolala kati ya mkanda na ngozi, upite bila shida. Ndani weka kitambaa cha pamba au kipande cha blanketi, kifuliwe kila wiki, maana jasho likikauka linakuwa kama msasa. Vipande vya tairi na kamba za nailoni vinavyouzwa gulioni kwa bei poa visiguse ngozi moja kwa moja.

Mkanda wa nyuma watu wengi wanauacha wakisema ni urembo. Huo ndio breki yako. Bila huo, kwenye mteremko mkokoteni unamgonga mapajani, na hapo atakimbia kuliko unavyodhani punda anaweza.

Hatua ya 6: Aburute kelele (wiki ya 7 na ya 8)

Nitasema kosa langu. Punda wangu wa kwanza nilimruka hatua hii. Alikuwa mpole, nikaona tairi la nini. Nikamfunga mkokoteni mtupu wa mbao, tukatoka hadi kwenye kokoto, magurudumu yakaanza kunguruma nyuma yake. Alisimama, masikio nyuma, nikafurahi kwamba ametulia. Hakuwa ametulia. Punda akiogopa huganda kwanza, tofauti na farasi anayekimbia palepale. Halafu akiona jambo linaendelea ndipo anaondoka. Aliondoka na mkokoteni mpaka kwenye mikorosho ya mama mmoja, mti mmoja wa mkokoteni ukavunjika, na mama yule nilimlipa. Punda hakuguswa na mbao tena mpaka nilipomuuza.

Kwa hiyo: msaidizi kwanza aburute tairi mbele ya punda, punda akilifuata. Kitu kinachokukimbia hakitishi. Siku ya pili liburutwe ubavuni, ya tatu nyuma kwa mbali. Halafu ndipo lifungwe kwenye kamba za mkanda wa kifua, ukishika kamba kwa namna ya kuweza kuiachia mara moja. Usizungushe kamba mkononi. Weka kopo lenye kokoto ndani ya tairi likishazoeleka. Akikung'uta masikio na kuendelea kutafuna, mambo ni mazuri.

Hatua ya 7: Mkokoteni mtupu (wiki ya 9)

Kwanza mwache aunuse. Kisha msaidizi auvute kwa mikono huku wewe ukitembea na punda mbele yake, kama mlivyofanya na tairi. Wakati wa kumfunga, leta mkokoteni kwa punda. Usimrudishe punda kinyumenyume kati ya miti miwili ya mbele ya mkokoteni. Fungua kwa mpangilio uleule kila siku: kamba za kuvutia kwanza, hatamu mwisho. Nimeona mtu akivua hatamu huku mnyama angali ndani ya mkokoteni. Usiwe mtu huyo.

Siku tatu za kwanza ni dakika 10 tu, uwanjani, na mduara uwe mkubwa kuliko wa zamani maana miti ya mkokoteni haipindi.

Hatua ya 8: Mzigo (wiki ya 10 na kuendelea)

Madumu yako sasa yajazwe maji. Lita 20 ni kilo 20, huna haja ya mizani. Anza na mawili. Baada ya siku nne, manne. Mwezi mzima usivuke hapo kwa punda wa miaka mitatu.

Mzigo ukae juu ya ekseli. Jaribu hivi: kabla ya kumfunga, nyanyua miti ya mbele kwa mkono mmoja. Ikiwa mizito, unamtwika mgongo. Ikiruka juu yenyewe, mkanda wa tumbo utamnyonga. Sogeza dumu moja mbele au nyuma mpaka mkono wako ukubali. Mchanga wa huku nao uuheshimu: uzito anaouvuta kwenye lami bila jasho, kwenye mchanga unakuwa mara mbili usoni mwake. Toa nusu.

Hatua ya 9: Barabarani, halafu Ngongo

Barabarani nenda na punda mzoefu mbele kama unaye. Mfundishe bodaboda kwa kumuomba kijana mmoja aiwashe akiwa amesimama, kisha apite polepole, kisha kwa mwendo wake wa kawaida. Malori mwachie ayaone akiwa malishoni kando ya barabara, bila mkokoteni.

Kama unataka kumpeleka viwanja vya Ngongo, Lindi, zungumza na afisa mifugo mapema, Juni, ujue kama halmashauri yenu itapeleka wanyama kwenye mabanda yake na masharti ni yapi. Kibali cha kusafirisha mifugo ni lazima, usikitafute siku ya safari. Kwenye lori weka mchanga sakafuni asiteleze, mfunge kamba fupi usimfunge miguu, na mwenzake aende naye kama nafasi ipo. Kutoka Masasi mimi husimama Ndanda na Mnazi Mmoja kumpa maji. Beba maji ya nyumbani kwa siku ya kwanza, kwani punda huweza kukataa maji yenye ladha ngeni.

Kitakachomsumbua kule ni spika. Nyumbani wiki mbili kabla, mfungulie muziki karibu na zizi wakati wa kula, sauti ikipanda kila siku. Majivu sasa anatafuna kwa singeli.

Onyesho liwe dakika 5. Mimi nimelikata kwa mfano wa dresaji: anaingia kwa mstari mmoja, anasimama katikati, tunasalimia, mduara kulia, mduara kushoto, anapita kati ya madumu akivuta mkokoteni, anarudi nyuma hatua tatu, anasimama nikihesabu 20 huku nimeachia kamba. Anatoka. Watu hupigia makofi kule kusimama, si kuvuta. Weka kamba ya kuzuia watoto, na kila saa moja ya watu awe na saa moja ya kivuli.

Mambo yakienda kombo

Anagoma darajani au kwenye dimbwi. Anapima, hajakaidi. Mpe dakika mbili aangalie chini, kamba legevu. Pita wewe kwanza. Siku ya kwanza mguu mmoja kwenye daraja unatosha, mrudishe.

Anakimbia akishushwa mteremko. Mkanda wa nyuma umelegea au haupo. Kaza, punguza mzigo, shuka naye kwa miguu.

Anauma wakati wa kufungwa mikanda. Tafuta kidonda au uvimbe chini ya mkanda, hasa kwapani na kifuani. Ukikuta, kazi imesimama mpaka apone, na mkanda urekebishwe kabla ya kurudi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na kumfanyisha kazi mnyama mwenye kidonda ni ukatili.

Anazunguka upande mmoja tu. Angalia kwato za upande wa pili na meno. Kama ni mzima, rudi hatua ya 3.

Alikuwa anajua, sasa hajui. Umeruka siku nyingi, au mtu mwingine nyumbani amemtumia kwa fimbo. Uliza kwa upole, utaambiwa.

Anakonda ilhali anakula, manyoya yamesimama, anachoka haraka. Huku kwetu fikiria nagana, ugonjwa wa mbung'o, na minyoo. Mwite mtaalamu apime damu. Usimchome mwenyewe sindano ile ya ng'ombe yenye diminazene. Punda na farasi huivumilia vibaya kuliko ng'ombe, na kipimo kikizidi kidogo unaweza kumpoteza.

Amesimama kimya na hataki kula. Punda haonyeshi maumivu kama wanyama wengine, kwa hiyo kukataa chakula kwake ni kelele. Usisubiri kesho, piga simu. Na jiulize jana alikula nini: pumba nyingi kwa mpigo, maganda mabichi ya muhogo mchungu, au msimu wa korosho mabibo yaliyochacha chini ya miti. Huyo wa mabibo nimemkesha mwenyewe usiku kucha, tukitembea polepole kuzunguka uwanja wa mpira, dumu hadi dumu, mpaka daktari wa mifugo alipofika na pikipiki yake alfajiri.